Barua ya kazi itamwambia baba kwamba mi sio nesi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 34, niko Edmonton, Kanada, huu mwaka wa saba, nina ukaazi wa kudumu, nina mume na mtoto wa miaka mitatu na ujauzito wa pili natarajia mwezi wa kwanza. Huyu wa kwanza nilimzaa peke yangu Shangazi. Mume alipata ruhusa ya siku chache tu, hakuna wa kunikanda, hakuna wa kunipikia uji wa pilipili manga, nilikuwa nafungulia maji bafuni nalia ili mtu asinisikie. Nikaapa wa pili mama lazima awepo.

Wazazi wangu wako Muheza. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, ana pensheni na shamba la michungwa, mama ni wa nyumbani. Nimeamua kuwaombea ile supa viza ya wazazi maana wakishapata wanaweza kukaa hata miaka mitano bila kuhangaika kuongeza muda, na baba ameshawatangazia watu kwamba anakwenda Kanada.

Sasa tatizo ni makaratasi. Wanataka barua yangu ya mwaliko yenye ahadi kwamba nitawahudumia, karatasi ya kodi ya mwaka ile wenyewe huku tunaita NOA, barua ya mwajiri inayosema kazi yangu na mshahara wangu, salari slipu, na bima ya afya ya mwaka mzima ya kila mmoja. Afu kwenye fomu za wazazi wenyewe kuna moja ya taarifa za familia, inauliza watoto wote mmoja mmoja, anaishi wapi, ameoa au ameolewa, na ANAFANYA KAZI GANI.

Shangazi, baba anajua mi ni nesi. Na sikuanza kwa uongo wallahi. Nilisoma uuguzi nyumbani, nina diploma, nilifanya kazi hospitali ya wilaya miaka miwili. Nilivyofika huku nikajua ni suala la kupeleka vyeti tu, kumbe vyeti vihakikiwe, mtihani wa kiingereza, masomo ya kujazia, kila hatua hela, katikati nikapata mtoto. Nikaingia kwenye nyumba ya kulea wazee, naogesha, nalisha, nabadilisha nepi, nainua watu wazito kuliko mimi. Mwaka wa kwanza nikamwambia baba nimepata kazi ya afya. Yeye akasikia nesi, mi sikusahihisha. Mwaka wa pili akaniuliza wodi gani, nikamjibu wodi ya wazee. Saivi barazani kwake mi ni nesi mkuu, kuna watu wanamletea majina ya dawa nimuulizie.

Na baba anasoma kila karatasi. Huyu mtu anasoma hadi gazeti lililofungia vitumbua.

Kaka yangu yuko Tanga mjini, anasema hayo mambo madogo, kuna mtu anamjua atatengeneza barua ya kazi imeandikwa nesi na mshahara mkubwa zaidi, na yeye atamwekea baba milioni 20 kwenye akaunti kwa mwezi mmoja ili stetimenti ipendeze halafu azitoe.

Mume wangu naye. Kipato changu mwaka jana ni dola za Kanada elfu 41, chake elfu 30, anaendesha gari la kusambaza mizigo. Peke yangu sitoshi, lazima asaini na yeye ile barua ya mwaliko. Kila nikimwambia anasema "tutaongea". Juzi ndo kasema, mama yangu yuko Kigoma peke yake mbona hakuna aliyeniuliza habari zake, tukishawajaza wazazi wako wawili kwenye hesabu huyu wangu ataingilia wapi. Nilichukia nikamwambia maneno ambayo sasa najuta.

Na bima, nimepiga simu sehemu mbili, mama kama dola 1,900 kwa mwaka, baba ana presha na sukari ndo wanasema zaidi ya 3,000.

Nifanyeje Shangazi? Nimwambie baba? Nimlete mama peke yake? Nimkubalie kaka? Silali.

Mbeba Boksi wa Edmonton

.

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nilikuwa nasimama kidogo pale bafuni. Uzazi bila mama karibu naujua.

Ngoja nione kama nimekuelewa, maana umeleta vitu vitatu vimefungwa kanga moja. Kuna hesabu za viza, ambazo zina majibu. Kuna mume, ambaye umemweka chini kabisa ya barua kama kitu kidogo lakini mimi namuona mkubwa. Na kuna baba, na neno moja ambalo hukulisahihisha miaka sita iliyopita. Unaniuliza kama ni swali moja, lakini nadhani ukiyatenganisha utapumua.

Nianze na hesabu, ndo rahisi. Mwanangu, hakuna mahali kwenye supa viza wanapotaka uwe nesi. Wanataka kipato cha nyumba yenu kifike kima walichoweka kwa idadi ya watu, basi, na dola ya kuogesha wazee inahesabiwa sawasawa na dola ya daktari. Idadi ni wewe, mume, mtoto, na wazazi unaowaalika, kwa hiyo leo mko watano. Kwa meza iliyotoka Julai 2025 watu watano ni dola elfu 64 na kidogo, nyie wawili mna elfu 71, mnapita. Lakini mtoto akishazaliwa mnakuwa sita na watu sita ni elfu 72 na nusu hivi, hapo mnakwama kwa elfu moja na ushee, inauma kweli. Ukimwalika mama peke yake, hata mtoto akiwepo mnabaki watano. Angalia meza na masharti ya mwaka unaopeleka maombi, huwa wanayabadilisha. Na ni kweli mume anaruhusiwa kusaini barua ya mwaliko pamoja nawe ili kipato chake kihesabiwe, bila yeye elfu 41 haitoshi hata kwa mama pekee.

Bima ndo hiyo, angalau dola laki moja za matibabu, ya mwaka mmoja au zaidi, na lazima iwe imelipwa yote au umeshatoa malipo ya kwanza ya mafungu, karatasi ya makadirio ya bei hawaipokei. Kabla hujalipa uliza viza ikikataliwa hela inarudi vipi. Na kwa baba usimfiche huyo wa bima ile presha na sukari, uliza kabisa kama magonjwa aliyokuwa nayo tangu zamani yanalipiwa na kwa masharti gani, maana kampuni nyingi zinataka hali iwe imetulia na dawa hazijabadilishwa kwa miezi kadhaa. Kuna watu wamelipa bima mwaka mzima na siku ya kuugua wakaambiwa huo ugonjwa haumo.

Halafu zile ndogo ndogo ambazo ndo zinakwamisha watu. Wazazi wana pasi za kusafiria? Kama hawana ni shilingi 150,000 kila mmoja, na Uhamiaji watataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, na wazee wetu wengi cheti hicho wameanza kukitafuta ukubwani. Cheti chako wewe ndo kinachothibitisha kwamba hawa ni wazazi wako, kwa hiyo kitoe leo ukisome. Jina la mama limeandikwaje? Mimi langu lilikuwa hivi, cheti changu kinasema mama ni Zaina, pasi yake inasema Zainabu, herufi mbili tu lakini tulienda kwa wakili kula kiapo kwamba ni mtu mmoja. Na karatasi yoyote ya Kiswahili inatafsiriwa, pamoja na kiapo cha mtafsiri. Alama za vidole wazazi watazitoa Dar kwenye kituo cha maombi ya viza, dola 85 kwa mtu au 170 kwa familia inayoomba pamoja, juu ya dola 100 ya viza ya kila mmoja. Na kipimo cha afya kwa daktari aliyeteuliwa na Kanada, sio daktari yeyote. Panga wasipande basi la Muheza mara tatu kwa kazi ya siku mbili.

Sasa kaka yako. Najua anakupenda, na milioni 20 anazozungumzia pengine angezikopa kwa jasho. Ila hebu tumtazame anayebeba mzigo. Kwenye maombi haya mwombaji ni baba na mama, sio wewe wala kaka. Ikigundulika karatasi moja ni ya uongo, sheria ya uhamiaji ya Kanada inamfungia mwombaji miaka mitano, na wa kufungiwa ni mwalimu mkuu mstaafu wa Muheza ambaye maisha yake yote alikuwa anawachapa watoto kwa kuibia mtihani. Barua ya kazi ina namba ya simu, mtu anapiga tu. Na akaunti ya mstaafu inayoingiza pensheni ileile kila mwezi halafu ghafla milioni 20, yule ofisa ameshaziona elfu za hivyo. Mi nadhani pensheni ya baba, ndogo hivyo hivyo lakini haikosi, inasema vizuri zaidi. Pamoja na karatasi za nyumba, barua ya serikali ya kijiji kuhusu shamba, watoto na wajukuu waliobaki, hivyo vyote vinamwonyesha ofisa mtu ambaye ana kwake pa kurudi. Risiti za machungwa usizitafute, madalali wa Muheza hawajawahi kumwandikia mtu risiti tangu dunia iumbwe.

Nije kwa mume. Umeandika "anasema tutaongea" kama vile anakukwepa. Inawezekana. Lakini mi nilichosikia ni mtu anayesema na mimi nina mama. Ile saini unayoitaka sio ya kukusindikiza, ni ahadi ya maandishi kwa serikali kwamba atawahudumia wakwe zake muda wote watakaokuwepo, kwa kipato cha elfu 30 na mtoto anakuja. Na hesabu yake ina mantiki, nyumba ikishabanwa na idadi, wa Kigoma anasubiri. Uliwahi kumuuliza mama mkwe anaendeleaje, nani anamchotea maji, ana pasi au hana? Sikulaumu, mwenye mimba anafikiria mamake. Ila nahisi mkikaa na daftari moja lenye majina ya wazee watatu, hata kama wa Kigoma ni wa mwaka kesho kutwa, mazungumzo yatakuwa mengine. Inawezekana pia akakataa bado. Na hayo maneno uliyosema, unayajua mwenyewe, yanahitaji kuombewa radhi kabla daftari halijafunguliwa.

Baba sasa.

Umeniuliza umwambie au la na mimi sitakujibu ndio wala hapana, kwa sababu nikikosea atakayekosa usingizi ni wewe. Ngoja tuzipitie njia zenyewe.

Unaweza kujaza kila kitu wewe mwenyewe huko huko kwenye mtandao. Hilo linaruhusiwa, wazazi wanasaini fomu ya kukuteua uwawakilishe, unaandika ukweli wote, kazi yako halisi, na baba hasomi chochote. Watoto wengi wanafanya hivyo kwa sababu wazee hawajui kompyuta tu. Kisheria uko safi mradi kila neno ni kweli. Lakini baba atakuwa amethibitisha maelezo asiyoyajua. Akiitwa kuhojiwa, au ofisa wa uwanja wa ndege akamuuliza kwa heshima tu mzee binti yako anafanya kazi gani, atajibu kwa kujiamini kabisa, nesi mkuu. Mzee wa watu hajadanganya lakini kwenye karatasi ataonekana kadanganya. Na tuseme amepita. Anafika kwako, anakaa miezi, anakuona unatoka alfajiri na yunifomu, unarudi mgongo umekukata. Umefikiria utamficha mwalimu ndani ya nyumba moja kwa muda gani? Mi nauliza tu.

Unaweza kumleta mama peke yake kwanza, kwa viza ya kawaida ya matembezi. Ile mara nyingi ni hadi miezi sita kwa safari moja, haina kile kima cha kipato wala sharti la bima, ingawa mimi mama yangu singemwacha apande ndege bila bima, matibabu ya huko mgeni analipa mwenyewe. Miezi sita inatosha arobaini na zaidi, na baba kubaki nyumbani ni sababu nzuri ya mama kurudi. Ila barua ya kazi yako mara nyingi bado utatakiwa uiambatishe, na ile fomu ya familia ipo vilevile. Kwa hiyo siri inahamia kwa mama, arudi nayo Muheza akae nayo kitanda kimoja na baba. Yeye uliwahi kumuuliza anajua nini? Kina mama wanajua mengi kuliko wanavyosema. Na baba ambaye ameshatangaza safari, utamwambia amebaki kwa sababu gani? Hapo unaweza kujikuta unatunga uongo wa pili wa kufunika wa kwanza.

Na unaweza kumwambia. Hatari yake sitakuficha, anaweza kunyamaza wiki tatu, wanaume wa umri wake ndo wanavyoumia. Anaweza kusema safari basi. Barazani patakuwa pazito kwa muda. Ila kuna vitu umeviandika kama vile una hakika navyo na mi sina hakika hiyo. Umesema baba anajua wewe ni nesi. Je, anajua, au ana matumaini? Mtu anayesoma hadi gazeti la vitumbua, amekaa miaka sita hajauliza cheo, hajauliza jina la hospitali, hajaomba picha ya sare? Labda kweli hajui. Labda naye hakusahihisha.

Na jingine, nivumilie. Diploma yako ipo. Ile hospitali ya wilaya ulifanya kazi kweli. Unaandika "naogesha, nalisha, nabadilisha nepi" kama mtu anayekiri kosa polisi, afu mbele kidogo kwenye barua naona hizo ndo hela zinazobeba sehemu kubwa ya kuwaleta wazazi, kulipa bima yao na kuwalisha. Nilivyosoma pale nikajiuliza aibu hii ni ya baba au ni yako wewe kwa ile ndoto ya uuguzi iliyokwama, ambayo hujapata hata siku moja ya kuililia kwa sababu ulitakiwa kuwa nesi mkuu kila ukipiga simu nyumbani. Kama ni hivyo, kumwambia baba hakutaimaliza, ila na kumficha pia hakuimalizi.

Ukichagua kumwambia, nakuomba usimwache agundue kwenye ile fomu. Karatasi haina sauti, haiwezi kumweleza habari za vyeti na mitihani na mtoto aliyekuja katikati. Anza na diploma, useme ilikwama wapi, halafu useme unafanya nini sasa. Na usimpigie mchana akiwa na wenzake barazani. Akitoka msikitini baada ya isha na kula, saa tatu usiku Muheza, kwako huko Edmonton kwa sasa ni saa sita mchana, muda ambao najua mnapewa nusu saa ya chakula. Ila kama huko watarudisha saa nyuma mwezi wa kumi na moja itakuwa saa tano, utakuwa bado una mzee wa watu mikononi.